Dakika 2, Kisha Dakika 118

Nilichokiona kwanza niliposhuka ni taa nyekundu ya behewa la mwisho. Ilikuwa ikienda, ikififia, ikafuata kona ya reli nyuma ya ghala, ikapotea.

Ile ndiyo ilikuwa treni yangu.

Niliyotoka nayo ilichelewa kidogo tu, uchelewaji wa kila siku ambao hata mkaguzi wa tiketi hakuona haja ya kuuombea radhi. Ya kuunganisha, kwa bahati mbaya yangu, iliondoka kwa wakati wake. Nikabaki jukwaani na begi mkononi, nimeinua macho kwenye skrini. Kituo kizima kilikuwa kimetoka kwenye ukarabati: paa la kioo, vigae ambavyo bado vilinukia saruji, viti vya chuma visivyo na mkwaruzo, saa inayohesabu hadi sekunde. Skrini ikanieleza, kwa usahihi ambao kituo cha zamani hakikuwahi kuwa nao, kwamba treni inayofuata ya upande wangu ingeondoka baada ya dakika 118.

Kituo cha zamani kingenificha hilo. Kingeniacha nitumaini.

Bibi mmoja aliyekuwa ameketi karibu aliniangalia nilivyokuwa naisoma ile skrini mara ya pili, kisha ya tatu, kana kwamba namba ingebadilika kwa kunihurumia. Akasogeza kikapu chake kunipisha nikae.

"Wametujengea pazuri pa kungojea, mwanangu," alisema.

Nilicheka. Njia nzima ya kurudi niliendelea kucheka. Wiki ya pili sikucheka tena, na kufika ya tatu kauli ile ilikuwa imenikaa kama mfupa wa samaki kooni.

## Nilivyokuwa nimesifu

Lazima nikiri jambo. Kabla ya siku ile nilikuwa miongoni mwa waliousifu ukarabati ule kwa sauti. Nilipiga picha za paa. Niliwatumia watu. Mtu aliponiuliza kama reli ya mkoani ina maisha mbele, nilimwonyesha ile picha kama hati ya ushahidi.

Picha ya paa ni rahisi kupiga. Ratiba haipigiki picha.

Na ratiba, nilipoitafuta ile ya miaka kadhaa nyuma nikaiweka kando ya ile mpya, ilikuwa ile ile. Treni moja kila saa mbili. Dakika 64 kati ya njia panda moja ya reli na nyingine. Walikuwa wamebadilisha herufi na rangi za karatasi tu.

Sasa, mtu anaweza kusema: ni dakika mbili tu ulizokosa, bahati mbaya, usiifanye falsafa. Nilijiambia hivyo pia. Ila kila nilipojiambia nilirudi kwenye hesabu moja isiyokubali kulala. Dakika 2 zilinigharimu dakika 118. Zikijumlishwa ni 120, saa mbili kamili, yaani nafasi nzima kati ya treni na treni. Hakuna mwendo kasi duniani unaoweza kunirudishia saa mbili kwenye safari ya saa moja.

## Hesabu nyuma ya tiketi

Nilianza na kosa ambalo nadhani wengi tunalianza nalo: nilitaka treni ikimbie.

Nikageuza tiketi, nikapiga hesabu upande wa nyuma. Njia yetu ina kipande kirefu kilichonyooka, kama kilomita 30, ambako treni huenda kilomita 100 kwa saa. Ukiitoa hapo ukaifikisha 120, kipande kile kitatoka dakika 18 hadi 15. Dakika tatu. Kwa dakika tatu hizo unahitaji reli iliyolala sawa zaidi, ishara zilizopangwa upya kwa sababu treni yenye kasi huhitaji umbali mrefu wa kusimama, na pengine vichwa vipya vya treni.

Halafu kuna ile sehemu ya bondeni, daraja la zamani na tuta lake, kilomita 6 hivi, ambako treni hujikokota kwa kilomita 30 kwa saa. Hapo zinakwenda dakika 12. Tuta likiimarishwa na daraja likarekebishwa treni ipite kwa 90, ni dakika 4.

Dakika nane. Kwenye kilomita sita.

Niliitazama ile tiketi muda mrefu. Sijui kwa nini hesabu hii ya darasa la sita ilinishtua kiasi kile. Labda kwa sababu kwenye sherehe hatusikii hata siku moja kiongozi akisema, "Leo tumeondoa mwendo wa pole." Husema mwendo wa juu kabisa umefika ngapi. Lakini msafiri hachukui kasi ya juu akaenda nayo nyumbani. Anachukua muda, na muda huliwa zaidi pale treni inapotambaa kuliko unavyookolewa pale inapokimbia.

Na kinachoifanya itambae, mara nyingi, ni vitu visivyo na sura. Kokoto zilizojaa tope, zisizopitisha maji, hivyo mataruma, yale magogo ya mbao au zege yanayobeba reli, yanapanda na kushuka kila gurudumu linapopita. Mtaro uliozibwa. Chuma chenyewe: reli ya kilomita moja, joto likipanda nyuzi 30, hutaka kurefuka kwa takriban sentimita 35, na ikiwa imeunganishwa kwa kuchomelewa haina pa kwenda. Kinachoizuia isipinde ni uzito wa mataruma na kokoto zilizoshindiliwa vizuri pembeni. Kokoto zikipungua, mchana wa jua kali dereva anaambiwa apunguze mwendo. Unaona basi, mtu anaweza kurudisha dakika kwa lori la kokoto, na hatakatiwa utepe na yeyote.

## Nani kakuacha

Hesabu zilinipa moyo nikampigia simu mzee mmoja ninayemfahamu, mkuu wa stesheni aliyestaafu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Haya, nani kakuacha?"

Nikamweleza yote. Nikamwambia kinachoniuma zaidi si kituo, ni dereva. Treni yetu ilikuwa inaingia, aliiona. Dakika mbili zingemdhuru nini?

"Huko kwenu reli ni moja au mbili?"

"Moja."

"Basi kuna mwenzake alikuwa anamngoja mbele, kwenye njia ya kupishania. Angekungoja wewe, angemngojesha yule. Yule naye angefika huku kachelewa, akamngojesha mwingine. Kwenye reli moja kuchelewa hakuishi, mwanangu. Kunahama tu."

Nilinyamaza. Wiki tatu nilikuwa nimemlaani mtu aliyekuwa akitimiza ahadi kwa abiria nisiowaona.

Mzee alipata hamu ya kusimulia. Enzi zake dereva hakuingia kwenye kipande cha reli moja bila kukabidhiwa kipande cha chuma mkononi. Chuma hicho kwa kila kipande kilitoka kimoja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo treni mbili hazikuweza kukutana uso kwa uso. Leo kazi hiyo hufanywa na mitambo na taa, lakini sheria ni ile ile: kipande kimoja, treni moja. Ukitaka treni ziongezeke, swali la kwanza ni zitapishania wapi.

Hapo akanifundisha kitu ambacho ningekuwa mhandisi ningekiona aibu kutokijua. Kama treni zinatoka pande zote mbili kila saa mbili, zitakutana njiani kila baada ya saa moja ya mwendo. Zikiwa kila saa moja, zitakutana kila baada ya nusu saa. Siyo kadirio, ni jiometri. Kwa hiyo njia ya kupishania haiwekwi pale ardhi ilipo bei nafuu au pale palipo na nafasi. Inawekwa pale ambapo saa inazikutanisha treni. Ikikosea kwa dakika sita, treni moja itakaa dakika sita ikiwa imezima injini na matumaini, kila safari, kila siku, miaka yote.

"Nimewahi kuiona moja hivyo," alisema. "Imejengwa vizuri kabisa. Majani yameota."

## Kwanza saa, ndipo chuma

Najua kutaja Uswisi kwenye mazungumzo ya reli ni kama kumtaja mtoto wa jirani aliyefaulu. Watu wanachoka. Nchi ile ni tajiri, ni ndogo, na ina mazoea yake. Hata hivyo nilisoma habari zake wiki zile kwa jicho jingine, nikitafuta njia waliyopita kuliko utajiri wao.

Mwaka 1982 waliweka treni kila saa, dakika ile ile ya kila saa, karibu nchi nzima. Kisha Desemba 1987 wananchi wakapiga kura kukubali mpango mkubwa ulioitwa Reli 2000. Lengo lake halikuwa kasi ya kujivunia. Wapangaji walisema wazi kwamba hawatafuti mwendo wa haraka kadiri inavyowezekana, bali kadiri inavyohitajika. Inavyohitajika na nani? Na saa.

Wazo ni hili. Chukua stesheni kubwa ambako njia nyingi hukutana. Fanya treni zote ziingie dakika chache kabla ya saa kamili, abiria wabadilishane, halafu zote ziondoke dakika chache baada ya saa kamili. Ili hilo litokee kila stesheni ya makutano, mwendo kati ya mbili unapaswa kuwa pungufu kidogo ya saa moja, au pungufu kidogo ya nusu saa. Bern na Zürich zilikuwa zimetengana kwa zaidi kidogo ya saa moja. Zaidi kidogo hiyo ndiyo iliyojengewa reli mpya ya takriban kilomita 45 kati ya Mattstetten na Rothrist, ikafunguliwa Desemba 2004, na usiku mmoja ratiba ya nchi ikageuka. Walichora ratiba kwanza, wakaiuliza inahitaji chuma wapi.

Nilirudi kwenye dakika zangu 64.

Tuseme nasi tungepanga makutano kwa saa kama wao. Treni ikiondoka saa moja na dakika tatu, ikatumia dakika 64, inafika saa mbili na dakika saba. Zile nyingine zote zimeondoka saa mbili na tatu. Imekosa, na itakosa kesho, na kila siku ya ratiba hiyo. Ucheleweshaji wa siku ile ulikuwa wa dakika chache, ndiyo, lakini njia nzima ilikuwa imepangwa ukingoni mwa shimo. Ikitumia dakika 55, inafika saa mbili kasoro dakika mbili, na milango ya mikoa minne iko wazi jukwaani.

Kutoka 64 hadi 55 ni mabadiliko ya maisha. Kutoka 64 hadi 61 ni fedha iliyokwenda na maji. Kutoka 55 hadi 50 ni pambo, ingawa mzee alinionya nisidharau, kwa sababu dakika hizo tano ndizo treni iliyochelewa hujifutia machozi.

Dakika hazina thamani sawa. Hili ndilo lililokuwa limenikaa kooni.

Kuna mfano mwingine, mdogo, ninaoupenda kuliko wa Uswisi. Okehampton, mji mdogo kusini-magharibi mwa Uingereza, ulipoteza treni zake za kila siku mwaka 1972. Reli haikung'olewa, ilibebea mizigo ya mawe. Novemba 2021 treni za abiria kwenda Exeter zilirudi. Hawakujenga kasri. Jengo la stesheni lilikuwa la kale. Walichobadilisha ni njia yenyewe, reli na mataruma mapya ya zege, wakaanza na treni kila saa mbili. Mei 2022 zikawa kila saa. Tofauti ya ratiba hizo mbili haikuonekana kwenye picha yoyote, lakini ni tofauti kati ya treni unayoipanga na treni unayoipanda.

Upande wa pili wa mizani kuna stesheni ya Ufaransa iliyofunguliwa 1994 katikati ya mashamba, kati ya Amiens na Saint-Quentin. Treni za mwendo kasi zinasimama pale. Njia ya kawaida ya mkoa haipiti. Watu wakaibatiza jina la stesheni ya bitiruti, na jina likaganda.

## Kisu

Hapa ndipo nilipoanza kujiogopa.

Nilikuwa nahitaji dakika tisa. Bondeni nilipata nane. Nilibakiwa na moja, na nilitaka tano nyingine za akiba. Nikaitazama orodha ya vituo 11 vya njia yetu. Kila kituo, ukihesabu kufunga breki, kusimama na kushika mwendo tena, hula dakika mbili na nusu hivi. Viwili kati yao ni vidogo mno. Jukwaa la udongo, kibao, basi. Asubuhi moja nilihesabu abiria watatu kwenye kimoja na mmoja kwenye kingine.

Nikavipigia mstari. Dakika tano, papo hapo, bila hata toroli la kokoto.

Ilikuwa hesabu safi kabisa. Kila mtu aliyewahi kuua njia ya reli alikuwa na hesabu safi. Uingereza mwaka 1963 ripoti ya Richard Beeching, mwenyekiti wa bodi ya reli, ilipendekeza kufungwa kwa stesheni zaidi ya 2,000 na takriban kilomita 8,000 za reli, na kila moja ilikuwa na namba zake zilizojumlishwa sawasawa. Njia ya kusini mwa Edinburgh, kule Uskoti, ilifungwa Januari 1969. Miaka 46 baadaye, Septemba 2015, sehemu yake hadi Tweedbank, kama kilomita 48, ikabidi ijengwe upya. Walichokiita hasara kilikuwa kinahesabiwa tiketi moja moja, wakati abiria wa tawi dogo ndiye huyo huyo anayejaza behewa la njia kuu.

Wale watatu niliowahesabu asubuhi ile walikuwa wanafunzi wawili na mama mwenye mtoto mgongoni. Sikuwauliza kitu. Sikuhitaji, na kusema kweli niliogopa kuuliza, kwa sababu ningekuwa na majina ya kuweka juu ya ule mstari.

Kuna njia ya katikati inayotumika kwingi: kituo cha ombi. Aliyeko jukwaani ananyoosha mkono au anabonyeza kitufe, aliye ndani anamwambia mkaguzi, na kama hakuna mtu treni inapita. Nilikubaliana nayo kwa siku mbili. Kisha nikaona kwamba ratiba ya treni kila saa haiwezi kutegemea kama leo kuna mtu amenyoosha mkono. Lazima dakika zile uziweke hata hivyo. Unaokoa breki na mafuta. Muda huokoi.

Nikaacha mstari kwenye karatasi. Sikuufuta.

## Jukwaa nililolikosea adabu

Wiki ya tano nilirudi kwenye kile kituo kipya, safari hii na daftari. Nia yangu, nisifiche, ilikuwa kukusanya ubaya. Nilitaka kuandika juu ya paa la kioo.

Treni ikaingia. Mlango ukafunguka mbele ya kijana mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Akasukuma magurudumu yake mara mbili, akawa ndani. Hakumwita mtu. Hakunyanyuliwa kama gunia, hakusubiri ubao uletwe, hakumshukuru yeyote. Akaegesha, akatoa simu.

Nilitazama chini. Jukwaa lilikuwa limeinuliwa hadi usawa wa sakafu ya behewa.

Nilikuwa nimekaa dakika 118 juu ya jukwaa lile bila kuliona. Miguu yangu mizima ilinipofusha.

Nikaangalia saa: tangu milango kufunguka hadi treni kuondoka, sekunde 35. Nikapanda, nikashuka kituo kilichofuata, kile cha jukwaa la zamani, nikangoja treni mbili zilizofuata na kuzipima. Mmoja anashuka kwa mgongo akishika nguzo. Mwingine anapokea masanduku. Mtoto anapitishwa mikononi. Dakika mbili na nusu ya kwanza, dakika moja na sekunde 20 ya pili.

Vituo kumi vya njia yetu viko hivyo.

Nilikaa chini nikapiga hesabu upya. Hata nikichukua wastani mdogo, sekunde 40 za kuokoa kwa kituo, ni zaidi ya dakika sita. Weka na zile nane za bondeni. Dakika 64 zinashuka hadi karibu 50, akiba ya dakika tano ipo, na kile kisu kinarudi kwenye ala bila kumgusa mtu.

Nilikuwa nimegawanya dunia pande mbili, huku kuna vituo na huku kuna reli, na nilikuwa nimechagua upande wa reli kama mtu aliyeamka kutoka usingizini. Lakini jukwaa ni sehemu ya ratiba kama daraja lilivyo. Kimo chake kinahesabika. Ulaya kuna vimo viwili vya kawaida, milimita 550 na 760 juu ya reli, Uingereza ni 915, na fujo huanza pale njia moja inapokuwa na majukwaa ya kimo hiki na mabehewa ya kimo kile. Ukinunua mabehewa kabla ya kuamua kimo, umenunua ngazi kwa miaka 30 ijayo.

Kwa hiyo waliojenga kituo kile hawakukosea kujenga. Walifanya kimoja katika 11, wakaanza na paa, wakaishia hapo, wakakaribisha wapiga picha. Mimi nikiwa mmojawapo.

## Mabasi ya miezi sita

Kuna jambo moja sijalimaliza hata sasa, nalo ni jinsi ya kufanya kazi yenyewe.

Daraja halirekebishwi treni zikiwa juu yake. Ama unafanya usiku, kwa vipindi vya saa nne nne, ukitumia saa ya kwanza kuingiza mitambo na ya mwisho kuitoa, kwa miaka miwili ya ucheleweshaji wa kila asubuhi. Ama unafunga njia nzima, unaweka mabasi, na kwa miezi sita unamaliza daraja, majukwaa na mitaro kwa mpigo mmoja. Kichwa changu kinasema funga. Ukimtesa abiria, mtese mara moja.

Mzee hakubaliani. Anasema abiria aliyehamia basi kwa miezi sita ananunua pikipiki, na aliyenunua pikipiki harudi. Tulibishana hadi salio likaisha. Sijui kama alikuwa anazungumzia abiria au alikuwa anaizungumzia stesheni yake mwenyewe, ambayo siku hizi imefungwa kwa kufuli.

## Pale pale

Juzi nilisafiri tena.

Treni yetu ilifika imechelewa dakika tatu. Nilishaandaa uso wa mtu asiyejali, nikashuka taratibu, na kumbe ile nyingine ilikuwa bado ipo. Milango wazi. Mkaguzi amesimama mlangoni anatuita kwa mkono, tukimbie. Tulikimbia kama watoto. Mama mmoja alipoteza kandambili moja, akaicheka, akairudia. Milango ikafungwa, tukaondoka, behewa zima likiwa na furaha ya watu waliookoka jambo.

Nilitafuta kwa macho, lakini bibi wa kikapu hakuwapo.

Dakika 14 baadaye tulifika kwenye njia ya kupishania. Treni ya upande wa pili ilikuwa imesimama pale pembeni, imezima, inatungoja. Tulipita taratibu, dirisha kwa dirisha. Katika mojawapo alikuwapo mwanamume mwenye begi mapajani. Aliitazama saa yake ya mkononi, kisha akainua uso akanitazama.